MFALME WA BARUTI ALIYEKIKATAA KIDONGE: MAISHA YA ALFRED NOBEL

Najua nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, na wengine mmeniandikia kuuliza kulikoni. Nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Sasa nimerudi, na huko kuuguza ndiko nilikoipata stori ya leo. Kwa hiyo vumilieni kidogo, tuanzie Tandika kabla hatujafika Ulaya.

Baba yangu mdogo ni fundi seremala. Mwaka jana alianza kubanwa na kifua. Cha ajabu, hakikumbana akiwa anabeba mbao, kilimbana akiwa amekaa zake kwenye benchi anakunywa chai. Zahanati ya kwanza ikasema vidonda vya tumbo, akanywa dawa miezi minne. Ya pili ikasema ni mawazo, apunguze kufikiri madeni. Majirani nao, si mnatujua Waswahili, wakasema kuna mkono wa mtu. Mpaka alipofikishwa hospitali kubwa, wakampitishia mrija mwembamba mkononi hadi kwenye moyo, wakamwaga rangi maalumu na kuitazama kwenye eksirei. Mishipa inayoulisha moyo haikuwa imeziba. Ila ile rangi ilikuwa inakwenda pole pole, kama daladala kwenye foleni ya Mbagala jioni. Kumbe damu inaweza kukosa kasi bila mshipa kuziba, na moyo ukalia njaa vile vile.

Daktari akampa kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, pamoja na dawa ya kumeza kila siku. Hapo ndipo mimi mjuaji nilipoharibu. Nilikisoma kile kichupa, nikaona jina: gliseri trinitreti. Mimi kemia ya kidato cha nne nilipata C, kwa hiyo nikaropoka mbele ya familia nzima kwamba hiyo ni nitrogliserini, ndiyo ile ile inayotengenezewa baruti ya kupasulia miamba. Baba mdogo akakitazama kile kichupa, akakifungia kabatini. Akasema kwa heshima zote yeye hawezi kula baruti, na hakukigusa tena.

Nikaenda kafe kutafuta habari za kumrudisha kwenye dawa. Badala yake nikakutana na mzee mmoja aliyekufa mwaka 1896, ambaye naye alipewa dawa hiyo hiyo na akaikataa. Na huyo siyo mtu wa mtaani. Ndiye mtu aliyeijua nitrogliserini kuliko binadamu yeyote wa zama zake: Alfred Nobel.

NOBEL YUPI? HUYO HUYO

Jina mnalijua. Ndiyo ile tuzo aliyopewa Mama Wangari Maathai wa Kenya mwaka 2004, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 2021. Ila mwenyewe mwenye jina wengi hatumjui.

Alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 21 Oktoba 1833. Mwaka huo huo baba yake, Immanuel, alifilisika. Mzee alikuwa mjenzi na mbunifu wa mitambo, kichwa kimejaa mawazo ila mfuko mtupu. Ikabidi atoke nchini kutafuta maisha, kwanza Finland, halafu St Petersburg nchini Urusi. Mama, Andriette, akabaki na watoto, akafungua genge la kuuza maziwa na mboga ili wasilale njaa. Wadau, mkiona majengo ya kifahari yenye jina la Nobel, kumbukeni yalianzia kwenye genge la mama.

Alfred mwenyewe alikuwa mtoto wa kuumwa umwa, mara tumbo, mara kichwa. Mwaka 1842 familia ikamfuata baba Urusi, ambako mambo yalikuwa yamenyooka: mzee alikuwa anaunda mabomu ya majini kwa ajili ya jeshi la Mfalme wa Urusi. Watoto wakasomeshwa na walimu wa nyumbani. Alipofika miaka 17, Alfred alikuwa anazungumza na kuandika lugha tano: Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Alipenda kemia, lakini alipenda pia kuandika mashairi. Mzee hakupendezwa na hayo mashairi, akamtuma nje akajifunze mambo ya maana. Akapita Ujerumani, Ufaransa hadi Marekani.

MAFUTA YALIYOMTISHA MWENYEWE ALIYEYATENGENEZA

Paris alifanya kazi kwenye maabara ya profesa Pelouze. Huko nyuma profesa huyo alikuwa na mwanafunzi Mwitaliano, Ascanio Sobrero. Mwaka 1847 Sobrero, akiwa Turin, alichanganya gliserini na asidi kali, akapata mafuta mazito yanayolipuka vibaya sana. Ndiyo nitrogliserini. Sobrero aliyaogopa mafuta hayo maisha yake yote. Lakini kabla ya kuyaweka pembeni aliyaonja kidogo tu kwenye ulimi, na kichwa kikamgonga kweli kweli.

Hicho kichwa kukugonga kikumbukeni, tutakirudia.

Vita ya Crimea ilipokwisha mwaka 1856, serikali ya Urusi ikaacha kununua mabomu kwa Immanuel, na mzee akafilisika mara ya pili. Familia ikarudi Uswidi kuanza moja. Alfred akasema mimi nitaifuga hii nitrogliserini. Tatizo la mafuta hayo lilikuwa kwamba hayana adabu: unayawasha hayalipuki, unayatikisa kidogo yanabomoa nyumba. Akabuni kifaa kidogo cha kuyalipua kwa wakati unaoutaka wewe, na watu wa migodi na reli wakaanza kuagiza.

Halafu ikaja tarehe 3 Septemba 1864. Kibanda chao cha kazi kule Heleneborg, Stockholm, kililipuka. Watu kadhaa walikufa, na mmoja wao ni Emil, mdogo wake Alfred, kijana wa miaka 20. Wiki chache baadaye baba yao akapooza.

Hapa mimi nilisimama kusoma nikatoka nje kupunga upepo. Mdogo wako amekufa, baba yako amelala kitandani, na jiji limepiga marufuku kazi yako ndani ya mipaka yake. Wewe ungefanyaje? Alfred alihamishia kazi kwenye jahazi, akalitia nanga ziwani Mälaren, akaendelea. Kuna wanaosema ni ujasiri, kuna wanaosema ni moyo wa jiwe. Mimi nadhani alikuwa na deni kwa Emil, asingeweza kuliacha lile jambo likiwa limemuua mdogo wake bure.

Na vifo havikuishia hapo. Mwaka 1866 shehena za nitrogliserini zililipuka kwenye meli kule Panama, na tena San Francisco, watu wengi wakafa. Kiwanda chake cha Krümmel, Ujerumani, nacho kikalipuka. Ndipo akapata jibu: akayanywesha yale mafuta kwenye udongo mwepesi wenye vitundu vidogo vidogo, mabaki ya viumbe vya majini vya zamani. Udongo ukayafyonza, ukafinyangika kama ugali, ukawa unaweza kubebwa bila hofu. Akautungia jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya nguvu: dainamaiti. Hataza yake ilitoka mwaka 1867.

Basi bwana, pesa zikaanza kuingia. Handaki la reli la Gotthard huko Uswisi lilitobolewa kwa dainamaiti. Mpaka anakufa alikuwa na hataza 355, na viwanda na maabara sehemu kama 90 katika nchi zaidi ya 20. Ila mwili wake ulikuwa ule ule wa utotoni. Kila akishika nitrogliserini kichwa kilimuuma mpaka anajilaza.

SIRI ILIYOKUWA KIWANDANI

Sasa twende kwenye kifua. Mwaka 1867, mwaka ule ule wa dainamaiti, daktari kijana wa Edinburgh, Lauder Brunton, aliandika kwamba wagonjwa wake wenye maumivu ya kifua yanayobana, yale madaktari wanayoyaita anjaina, walipata nafuu wakinusa dawa iitwayo amili nitriti. Nafuu yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu, lakini kabla ya hapo hakukuwa na dawa ya maana. Watu walikuwa wanatolewa damu na kupewa pombe.

Mwaka 1879 daktari wa London, William Murrell, akaijaribu nitrogliserini. Alianza na mwili wake mwenyewe. Alilamba kizibo cha chupa yenye nitrogliserini iliyozimuliwa kwenye spiriti, na mara moyo ukamdunda na kichwa kikagonga, sawa na Sobrero. Alirudia mara 30 hadi 40 hivi mpaka akajiridhisha, ndipo akawapa wagonjwa matone madogo. Vifua vikaachia, na nafuu ilidumu kuliko ile ya kunusa.

Viwandani nako kulikuwa na jambo. Wafanyakazi wa baruti walikuwa wanaumwa kichwa kila Jumatatu wakirudi kazini, kikipoa kadiri wiki inavyokwenda kwa sababu mwili unazoea. Na wale wenye ugonjwa wa moyo waliona kinyume chake: wakiwa kazini kifua kiko shwari, mwisho wa wiki nyumbani kinabana. Yaani hewa ya kiwandani ilikuwa dawa na wao hawajui. Dawa ilikuwa inaelea ndani ya majengo ya Nobel mwenyewe.

MZEE TAJIRI, PEKE YAKE

Nobel hakuoa. Mwaka 1876 alimwajiri Paris mwanamke msomi kutoka Austria, Bertha Kinsky, kuwa katibu wake. Alimpenda, lakini Bertha alikuwa na mtu wake, akaondoka baada ya muda mfupi tu. Waliendelea kuandikiana barua miaka mingi. Bertha akaolewa akawa Bertha von Suttner, mpinga vita maarufu, na mwaka 1905 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Kulikuwa pia na uhusiano wa miaka kama 18 na binti wa Vienna, Sofie Hess, uliojaa kugombana na kutumiana pesa. Mwaka 1888 kaka yake Ludvig akafariki. Mwaka 1891 Alfred akahama Paris baada ya kukosana na serikali ya Ufaransa kwa sababu ya baruti yake mpya aliyowauzia Waitaliano, akaenda kuishi San Remo, Italia, kando ya bahari.

Moyo ukaanza kumsumbua. Kifua kinabana, pumzi fupi. Tarehe 27 Novemba 1895, akiwa Paris, alisaini wosia wake bila kutumia wakili. Utajiri wake wote, zaidi ya kroni milioni 31 za Uswidi, sehemu kubwa iwekezwe na faida itolewe kila mwaka kwa watu walioifaa dunia katika fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani. Mwishoni akaongeza sharti moja la kushangaza: akishakufa akatwe mishipa kwanza, madaktari wahakikishe amekufa kweli, ndipo achomwe. Aliogopa sana kuzikwa hai.

Mwaka 1896 mwezi wa Oktoba alikuwa Paris akiwaona madaktari wa moyo. Wakamwandikia dawa. Dawa gani? Nitrogliserini. Alimwandikia barua msaidizi wake kijana, Ragnar Sohlman, akishangaa mzaha huo wa majaaliwa, na kumweleza kwamba madaktari wameibatiza jina la trinitrini ili wauza dawa na wateja wasiogope. Wadau, hapo nilicheka peke yangu kafe nzima ikanigeukia. Hata wale madaktari wa Paris walikuwa wanawaogopa watu kama mimi, wanaosoma kichupa kwa sauti.

Mwaka 1998 kamati ya tuzo ya tiba ya Nobel ilieleza kwamba mzee alikataa kuitumia. Alijua inaleta maumivu ya kichwa, na hakuamini kama inaweza kuondoa maumivu ya kifua. Alikuwa na haki ya kuogopa kichwa, alikiumwa miaka 30. Lakini kumbe kichwa na nafuu vinatoka sehemu moja: mishipa inapanuka. Ikipanuka ya kichwani kichwa kinagonga, ikipanuka ya moyo kifua kinaachia. Nobel alikuwa amepewa jibu kila siku ya kazi yake, akalichukulia kama adha.

Tarehe 10 Desemba 1896 alifariki San Remo. Siyo moyo uliomuua, ni kuvuja damu kwenye ubongo, kwa hiyo siwezi kusema kidonge kingemwokoa. Inasimuliwa kwamba katika saa zake za mwisho lugha zote zilimtoka isipokuwa Kiswidi cha mama yake, na watumishi waliomzunguka hawakukielewa. Mtu wa lugha tano akafa hana wa kuongea naye.

Ndugu waliupinga wosia. Sohlman, kijana wa miaka 26, ndiye aliyepigana hadi ukatekelezwa, na inasimuliwa alizunguka Paris kwenye gari la farasi na hati za mali, bastola mkononi. Tuzo za kwanza zikatolewa 1901.

JIBU LILIKUJA KWA PESA ZAKE

Kwa nini baruti inatuliza kifua? Mwaka 1977 Ferid Murad, Marekani, aligundua kwamba nitrogliserini mwilini inatoa gesi iitwayo nitriki oksidi, na hiyo ndiyo inayolegeza kuta za mishipa. Robert Furchgott na Louis Ignarro wakaonyesha kwamba hata mishipa yetu yenyewe inatengeneza gesi hiyo kila siku. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Yaani pesa ya baruti ikawatuza watu walioeleza dawa ambayo mwenye pesa aliikataa.

Nilirudi nyumbani na karatasi nimechapisha, nikamsomea baba mdogo. Nikamwambia kidonge kina kama nusu miligramu tu ya ile kitu, imechanganywa na unga mwingine, hakiwezi kulipuka hata ukikigonga nyundo. Akanisikiliza, akasema twende kwa daktari wote wawili, na mimi nikaseme hayo hayo mbele yake.

Daktari hakunicheka. Akatufundisha jambo ambalo sikuliona kwenye habari za Nobel. Nitrogliserini inafanya kazi zaidi kwenye mishipa mikubwa ya moyo. Tatizo la damu kwenda pole pole, ambalo madaktari walilieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1972, linakaa zaidi kwenye mishipa midogo midogo sana, na huko nitrogliserini haina nguvu kubwa. Wengine inawasaidia, wengine haiwatoshi. Ndiyo maana alikuwa amempa pia dawa ya kila siku, diltiazemu, inayolegeza mishipa kwa njia nyingine. Zipo na nyingine zinazojaribiwa, kama nikorandili, nebivololi, na zile za kushusha kolesteroli. Kulikuwa na moja, mibefradili, iliyoonekana kuwasaidia sana wagonjwa hawa, ila iliondolewa sokoni mwaka 1998 kwa kugombana na dawa nyingine mwilini. Mpaka leo tafiti nyingi za ugonjwa huu ni za wagonjwa wachache, kwa hiyo daktari na mgonjwa wanatafuta pamoja inayomfaa.

Mambo mengine aliyosema nayaweka hapa kwa faida ya wote. Kidonge cha chini ya ulimi kitumie umekaa, kwa sababu presha inashuka na unaweza kuanguka. Kikae kwenye kichupa chake kimefungwa vizuri, ukikiweka mfukoni kinapoteza nguvu. Kifua kisipoachia ndani ya dakika tano, kimbia hospitali. Na vijana wenzangu nisikilizeni: aliyekunywa vidonge vya kuongeza nguvu za kiume, vya aina ya Viagra, asiguse kabisa nitrogliserini. Zote zinapita njia moja ya kupanua mishipa, presha inaweza kuanguka mpaka mtu akafa. Ukipelekwa hospitali na kifua, sema ulichokunywa, aibu weka pembeni.

Nilimuuliza daktari kama kweli haya maumivu ni ya kweli wakati mshipa haujaziba. Baba mdogo aliinamisha kichwa, nikajua swali hilo lilikuwa lake miezi yote ile ya kuambiwa ni mawazo. Daktari akasema ni ya kweli kabisa. Mzee akatoa leso akajifuta uso.

Sasa hivi anakunywa dawa yake kila asubuhi. Kifua bado kinambana mara moja moja, siyo kama zamani. Kichupa kimetoka kabatini, kiko kwenye kisanduku chake cha vifaa, pamoja na penseli na futi kamba. Akikiweka kidonge chini ya ulimi ananiita, eti nisogee mbali, baruti inawashwa.

Haya wadau, nani mwingine ana mgonjwa aliyeambiwa kifua chake ni mawazo? Andikeni maoni hapo chini. Madaktari mnaopita humu, nilipokosea nisahihisheni. Matusi nitafuta. Wiki ijayo panapo majaliwa.